Boksi la Bolti

Harufu ya boksi la karatasi ngumu lililolowa mafuta ya injini huniharibia siku nzima. Juzi taa ya mbele ya gari langu iliungua, nikampelekea fundi mmoja kijana kule Kyambogo, nikidhani ni kazi ya dakika tano. Akainama, akachungulia, akacheka. "Mama, balbu yenyewe ni kitu kidogo, lakini mpaka tufungue bampa yote." Akavuta kipande cha boksi, akakitoboatoboa kwa bisibisi, akaanza kuchomeka bolti moja moja kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Nilijifanya napokea simu, nikaenda kusimama barabarani. Nina wajukuu sasa, na bado siwezi kutazama bolti zikichomekwa kwenye boksi.

Nitawaeleza ninyi kwa nini, maana hata watoto wangu wa kuzaa sijawaeleza.

Baba yangu alitoka Bungoma, akaja Kampala kutafuta kazi, akaishia kuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uani kwetu Makindye, chini kidogo ya kambi ya jeshi, mahali ambapo mlima unaanza kuteremka kwa nyasi ndefu. Alifanya kazi na Ssemakula, mtu wa Kasubi, aliyekuja kila asubuhi kwa baisikeli huku akisalimia mpaka kuku. Sisi watoto alitaka tumwite Kojja, yaani mjomba, ingawa mama yangu na yeye hawakuwa na undugu wowote.

Baba alikuwa na mikono, lakini Kojja alikuwa na sikio. Alichukua fimbo fupi ya mti, ncha moja akaigusisha kwenye injini inayonguruma, ncha nyingine akaiweka kwenye sikio la kushoto, akafumba macho. "Subili," alisema, "inaniambia." Akifumbua macho alitaja ugonjwa, na Baba akifungua alikuta ni kweli. Watu walileta magari kutoka mbali kwa ajili ya sikio lile tu.

Miaka ile ya utawala wa jeshi spea hazikupatikana. Sukari ilikuwa ya kupangia foleni, sabuni ya kukata vipande, na bolti ikipotea imepotea. Kwa hiyo mafundi wetu walikuwa na desturi yao: kabla ya kufungua injini walichora umbo lake kwenye boksi, na kila bolti iliyotoka ikachomekwa pale pale kwenye mchoro. Boksi lile halikuguswa na mtu. Mama mwenyewe akifagia alilizunguka.

Ndipo likaja gari la Afande. Alikuwa kapteni hapo kambini, jina lake silijui hadi leo, maana sote tulimwita Afande, wakubwa kwa wadogo. Gari lilikuwa jeupe, la Ulaya, moja ya yale yaliyoachwa na watu walioondoka nchini kwa haraka. Lilivuja mafuta. Kilichokuwa kimeharibika ni mpira wa duara usiozidi bangili yangu, na Baba, sijui kwa bahati gani, alikuwa nao mmoja ndani ya kopo. Lakini mpira huo ulikaa nyuma kabisa, na njia ya kuufikia ilikuwa moja: kushusha injini yote chini.

"Mpira kidogo namna hii, nyinyi natoa injini muzima?" Afande alimuuliza Baba. "Nyinyi nafikiri mimi ni mjinga?"

Baba alieleza kwa upole, mikono nyuma. Afande akasema Jumamosi asubuhi analitaka, kwa sababu ndilo litakalombeba bibi harusi wa mdogo wake kwenda Masaka. Alipoondoka, Kojja alilala chini ya gari akatazama juu kwa muda mrefu. "Ariyetengeneza gali hii," alisema, "hakupenda fundi hata kidogo." Bolti za nyuma zilifungwa kwa kupapasa tu, kwani hapakuwa na nafasi ya kupitisha jicho. Na zilikuwa za aina mbili, fupi na ndefu, zimepishana kwa upana wa ukucha.

Sasa nije kwangu. Nilikuwa na miaka tisa, na mchezo wetu mkubwa ulikuwa kuteleza kwenye ule mteremko wa nyasi. Tuliteleza kwa magome ya mgomba, ambayo yalipasuka kabla hujafika chini. Na lile boksi la bolti za Afande lilikuwa boksi la aina yake, kubwa, gumu, limepakwa nta ndani, lilitoka kwenye duka la wanajeshi. Nililitazama siku tatu. Sijawahi kutamani chakula kama nilivyolitamani boksi lile.

Ijumaa mchana Kojja alikwenda msikitini, na Baba akajinyoosha ndani baada ya kula. Nikatafuta boksi kuukuu, nikachukua mkaa jikoni, nikanakili mchoro wote. Msinicheke, niliunakili vizuri. Darasani hakuna aliyenishinda kuchora. Niliongeza na maneno, kwa mwandiko wangu wa shule: mbele, juu, nyuma. Herufi zangu zilikuwa na mikia mirefu, na Kojja kila akiona daftari langu alinitania kwamba y yangu ina mkia wa nyani. Kisha nikahamisha bolti, moja baada ya nyingine, nikijiona fundi mkubwa. Nilipofika za nyuma, boksi likateleza mkononi na bolti sita zikamwagika mavumbini. Nikaziokota, nikazifuta kwa gauni, nikazipanga kwa kukisia. Zilifanana, na kama hazikufanana, mimi nilijiambia zinafanana.

Nikateleza mpaka jua likaanza kupoa. Sitawadanganya, ulikuwa mchana mtamu kuliko yote ya utoto wangu.

Waliifunga injini siku ile ile, kwa haraka. Kojja alilala chini ya gari akipokea, Baba alichomoa bolti kwenye boksi na kumpa. Baadaye nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba Ssemakula amebadilisha boksi, lile la kwanza labda lililowa. Hakumuuliza mwenzake, na mwenzake hakuliona. Kojja alikaza zile za nyuma kwa kupapasa, na moja iliyomgomea akaiongezea nguvu. Kumbe ilikuwa ndefu kwenye tundu fupi, na ilikuwa ikilipasua ganda la injini polepole.

Jumamosi asubuhi aliweka fimbo yake sikioni akatabasamu. Gari likaondoka na maua kwenye boneti.

Alasiri lilirudi likivutwa na Landrova ya jeshi. Mafuta yote yalimwagika barabarani, na bibi harusi alimaliza safari ndani ya lori la wanajeshi. Wanaume wanne waliingia uani nyuma ya Afande, na sisi sote tukatoka nje kwa sababu tuliamriwa kutoka.

"Nani nafunga hii kitu?"

Kojja akaomba ruhusa alale chini atazame. Alirudi na bolti moja mkononi, akaipima kwa kidole gumba. Akalisogelea boksi lililoegemea ukuta. Nilimwona akisoma. Nilimwona akifika kwenye neno nyuma.

Akanyanyua macho akanitazama. Hayakuwa macho ya hasira, yalikuwa ya mtu anayesubiri. Nami nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikavitazama sana, kama vile nilikuwa sijawahi kuviona. Ndipo nikasikia boksi likigeuzwa, mchoro ukatazama ukutani.

"Ni mimi, afande," alisema. "Nirikosea mimi."

Walimchukua. Alikaa kambini siku tisa, na Baba alipanda kule kila siku na kurudishwa getini. Aliporudi alitembea vizuri, akatusalimia vizuri, lakini walikuwa wamempiga makofi ya upande mmoja. Asubuhi moja Baba akawasha injini. Kojja akaweka fimbo kwenye sikio la kushoto, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu sana. Kisha akaiweka fimbo chini, akachukua baisikeli yake, na hakurudi tena kazini.

Kwa miaka mingi niliamini aliligeuza lile boksi kwa hasira. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba aliuficha mwandiko wangu, na kwamba kati ya macho yake na neno lake alinipa nafasi ya kutosha. Huwa najaribu kujitetea kwamba ningesema wangemchukua Baba. Labda wangemchukua. Lakini siku ile sikumfikiria Baba hata kidogo. Niliona haya tu kuonekana, basi, na kwa haya hiyo mtu mzima akaenda badala yangu.

Baada ya kumzika Baba nilikwenda Kasubi kumtafuta Kojja. Nilimkuta kando ya barabara akitengeneza baisikeli, kichwa amekigeuza kidogo ili sikio la kulia liwe upande wa watu. Alifurahi kuniona, akanipa kigoda, akaendelea kuzungusha gurudumu huku akilitazama. Nilikivuta kigoda hadi upande wake wa pili, nikakaa, nikainama.

"Kojja," nilisema kwa sauti ya chini, "ni mimi niliyebadilisha boksi. Nisamehe."

Gurudumu likazunguka mara mbili tatu. Akageuza kichwa. "Unasema nini, nnyabo? Njoo upande huu."

"Nasema limenyooka sasa," nikamjibu.

Alinitazama kidogo. "Bado," alisema, akarudia kazi yake.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilijua vizuri ni sikio lipi walilomuulia.