Mguu Wangu na Usingizi wa Shangazi

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama kwa miguu miwili. Habari yangu yote ni hiyo, na nina furaha hata sijui nianzie wapi. Mama yangu yuko pale mstari wa pili. Amenikataza kutaja maji ya moto, kwa hiyo nitayataja.

Nimelelewa hapahapa Richardson, kando ya Dallas. Wazazi walitaka mhandisi, mimi nikapenda mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana. Kazi yangu ni kupewa mpira na kukimbia nao huku watu wazito wakitaka kuniangusha. Nilipomaliza chuo, timu ya kulipwa ya Houston ikaniita kwenye majaribio. Ilikuwa Agosti 2018, nami nilikuwa ngangari kwelikweli.

Asubuhi moja, wiki ya mchujo, mwenzangu alinigonga muundi wa kulia kwa kofia yake. Daktari wa timu akapiga picha, akasema mfupa ni mzima, niweke barafu, na maumivu yakizidi nimpigie simu mara moja. Nikarudi Pearland, nje kidogo ya Houston, kwa shangazi yangu, nilikofikia. Mama naye alikuwa amekuja kutoka Dallas kuniona.

Sasa, Shangazi ni muuguzi. Usiku yuko hospitali, mchana analala, na akilala nyumba ile hata kijiko hakigusi sahani. Kwa hiyo mimi na Mama tukawa tunanong'ona. Mguu ulipoanza kuvimba, Mama akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya taulo, akanikanda kama alivyonikanda tangu utotoni, nikianguka baiskeli au nikipata mafua. Maumivu yakapanda badala ya kushuka. Ngozi ikawa inang'aa, muundi ukawa mgumu kama ubao, vidole vikafa ganzi. Simu nilikuwa nayo, lakini nani anampigia daktari wa timu wiki ya mchujo, aachwe?

Nikauma mto. Jamani, fikirieni! Mtu ambaye angeutambua ugonjwa wangu amelala chumba cha pili, na mimi nauma mto nisimwamshe.

"Vumilia, mwanangu," Mama akaninong'oneza. "Shangazi yako ametoka kazini amechoka."

Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikanguruma. Shangazi akatoka na kanga yake, macho mekundu. Alishika kidole gumba cha mguu, akakikunja kwenda juu, na mimi nikapiga ukelele ambao majirani waliuzungumzia wiki nzima.

"Wifi, acha kukanda," akasema. "Hii ni emergency. Mguu unakosa damu. Funguo za gari ziko wapi?"

Aliendesha na kanga yake hivyohivyo, huku akituelezea kwamba misuli imevimba ndani ya ganda lake na damu haina pa kupita. Akatugombeza kwa nini hatukumwamsha. Mama, kutoka kiti cha nyuma, akajibu kwa sauti ndogo, "Ulikuwa umelala, wifi."

Hospitali walinipasua pande zote mbili, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo, wakaacha wazi ili misuli ipumue. Siku ya kubadilisha bandeji nilichungulia nikaona nyama yangu mwenyewe, nyekundu. Nikachekelea, maana daktari wa upasuaji alishasema nyekundu ndiyo anayoitaka.

"Ungechelewa hadi jioni, leo tungekuwa tunaongea habari ya kukata," akaniambia. Nikamuuliza kuhusu mpira. "Kutembea utatembea. Mpira siwezi kukuahidi."

Walitoa ngozi pajani wakaziba kidonda, na paja likaniuma kuliko mguu. Kisha nikagundua wayo hauinuki, unaning'inia tu na kuburuta. Timu ikaniacha. Nililia, sitawaficha, nililia kama mtoto.

Mama akahamia Pearland. Kila asubuhi alitandika sakafuni taulo lilelile la maji ya moto, nami nililivuta kwa vidole, au nilijaribu. Wiki baada ya wiki, taulo halikutikisika. Halafu asubuhi moja kidole gumba kikainuka chenyewe! Mama akapiga kigelegele, akakumbuka Shangazi amelala, akaziba mdomo kwa mkono. Tukacheka kimyakimya mpaka machozi yakatutoka. Baada ya kidole ukaja wayo, nikatembea, nikakimbia uwanja wa shule asubuhi kabla ya jua kali. Mtaalamu wa mazoezi akaruhusu hata kukandwa, na Mama akakanda kwa fahari ya mtu mwenye kibali.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, na hawa wanawake wawili sitamaliza kuwashukuru. Nawasihi: maumivu yakizidi jeraha lenyewe, vidole vikifa ganzi, acheni kukanda, nendeni hospitali. Na mwenye kujua akiwa amelala, mwamsheni. Atanuna, lakini atawasaidia.

Agosti 2019 timu ileile iliniita tena. Kwenye mechi iliyochezwa Houston nikapewa mpira, nikampita wa kwanza, wa pili akanishika jezi ikamponyoka, nikavuka mstari wa mwisho, yaani nimefunga, na mguu wangu huu! Uwanja ukalipuka. Nikainua macho kuwatafuta Mama na Shangazi jukwaani. Shangazi alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, amelala fofofo begani kwa Mama katikati ya zile kelele zote. Na Mama, safari hii, alikuwa anamtikisa kwa mikono miwili.