Maneno mawili redioni

Leo nimeongea redioni, Kenya nzima ikisikia, na nimesema maneno mawili tu.

Watangazaji wawili walikuwa wanabishana laivu, mzee mmoja wa kutetea mila na dada mmoja wa haki za wanawake: wasichana waendelee kuja huku Saudia kufanya kazi za nyumba ama wakatazwe?

Nikasema aki, hii ni yangu. Nikapiga simu huku napiga pasi hapa Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Nikangoja laini nusu saa.

"Dada wa Jeddah, uko hewani!"

Hapo hapo madam, mwajiri wangu, akaita kutoka jikoni.

"Naam, madam!"

Nikakimbia kukunja sambusa, simu mfukoni, earphone bado sikioni chini ya mtandio. Madam amesimama kando yangu. Siwezi kufungua mdomo.

Mzee: "Mmemsikia? Huo ni utumwa!"

Dada: "Mmemsikia? Huyo yuko kazini, anajitegemea!"

Wakanigombania hadi matangazo ya biashara. Mimi nafinya sambusa tu.

Kumbe mama alikuwa anasikiliza nyumbani, akaitambua sauti yangu. Ameniandikia: "Mwanangu, kati yao nani anasema ukweli?"

Nyinyi mngemwambia nini?