Siku Fundi Alipong'oa Mlango Nikiwa Chooni

Wenzangu tuliokuwa tukiishi pamoja mtaa wa Discovery Gardens, Dubai, waliisikia hadithi hii nusunusu, maana sehemu ya choo nilikuwa nairuka. Leo naisema yote, mnicheke mmalize.

Wakati huo nilikuwa dereva wa Madam Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyezeekea Dubai, mpole lakini macho yake hayapitwi na kitu, naye alikuwa anakarabati nyumba yake ya Hatta, kule milimani. Mkandarasi alikuwa mmoja, ila chini yake kulikuwa na mafundi wa umeme, wa vigae, wa rangi, na Shabani seremala, Mtanga mwenye karakana yake mwenyewe. Madam alishasikia visa vya mwenye nyumba kumlipa mkandarasi, mkandarasi akala hela, halafu mafundi wakaja kumdai mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kila malipo alinipa karatasi nizungushe, kila fundi asaini kwamba amelipwa na hana dai lolote juu ya nyumba ile.

"N'nakuamini," aliniambia. "Usiniletee hata moja isiyosainiwa na mwenyewe."

Nikazipata zote isipokuwa ya Shabani. Karakana yake ilikuwa mbali, foleni imejaa, na mimi nilikuwa na suti yangu kwa fundi cherehani Bur Dubai (suti ya kwanza maishani, jamani, mnielewe) na duka lilikuwa karibu kufungwa. Mkandarasi akanionea huruma, au ndivyo nilivyodhani.

"Nipe mimi nisaini kwa niaba yake. Shabani ni mtu wangu. Khalas, yameisha!"

Nikampa, akachora kitu kama mnyoo, nikakimbilia suti. Madam alipouliza, "Zote wenyewe?" nikajibu, "Zote, Madam," bila hata kupepesa. Akalipa.

Wiki mbili baadaye akaalika jamaa zake nyumba ile ya Hatta kwa dua na biriani ya mchana, watu kama arobaini, na mimi ndani ya suti nikipokea wageni kama meneja wa hoteli. Mara nikaona pikapu getini, Shabani anashuka na wenzake wawili na sanduku la vifaa. Nilipaswa kwenda kumkabili. Badala yake nikaingia choo cha wageni, nikajifungia, nikaanza kumpigia mkandarasi. Hashiki.

Nje nikamsikia Shabani: "Shikamoo mama. Unisamehe mbele ya wageni wako. Milango hii nimeitengeneza mimi na sijalipwa hata pesa ya mbao. Nimekuja kuichukua."

"Marahaba. Mbona nina karatasi yako?"

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. "Huu si mkono wangu, mama. Mimi naandika jina zima, kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofunzwa chuo cha Kurani."

Alianza na mlango uliokuwa karibu naye. Ndiyo, huohuo. Ulikuwa unafungukia nje, bawaba ziko upande wake, na mimi ningeweza kusema "kuna mtu" lakini nikanyamaza nikiomba ahamie mwingine, skrubu zikatoka moja moja, kisha mlango ukaondoka wote, na mimi huyo, nimeketi juu ya kifuniko cha choo, suti na tai, simu sikioni, mbele ya watu arobaini.

Shangazi mmoja akauliza, "Na huyu naye anakwenda na mlango?"

Walicheka wote ila Madam. "Mwanangu, nani kasaini?"

Nilifikiria viza yangu, karo ya wadogo zangu, nikaona uongo mwingine hautanifikisha popote. "Mkandarasi, Madam. Na mimi nilikuwapo."

Hakupaza sauti. Alimwambia Shabani anawe mikono ale kwanza, kisha akampigia mkandarasi kwa simu yake mwenyewe (hiyo aliishika upesi, maana bado alikuwa anasubiri malipo ya mwisho). Madam akamweleza, wageni wote wakisikia, kwamba haki ya Shabani itatoka kwenye malipo hayo. Mkandarasi akababaika, akakubali. Shabani akalipwa, akaandika jina lake taratibu, kulia kwenda kushoto, na kabla ya alasiri mlango ulikuwa umerudi. Aliyeushikilia akikaza bawaba ni mimi, jasho likinitiririka ndani ya koti.

Njiani kurudi nilijua nafukuzwa. Madam akasema, "Ungelinambia umechoka, ningelikwenda mwenyewe. Kilichoniuma ni ule uongo. Karatasi bado ni kazi yako. Sasa unaijua."

Siku hizi najenga nyumbani Kitui, kidogokidogo. Fundi wa mawe, wa mabati, hata aliyechimba shimo la maji, kila mmoja akilipwa anasaini kwa mkono wake huku dada yangu akinipigia simu ya video nimwone. Wananiita mwenda wazimu. Sawa. Nimeapa sitamruhusu mtu asaini badala ya mwenzake, hata kama nachelewa harusi yangu mwenyewe. Mwezi uliopita paa lilipanda, na hakuna mtu anayelidai.