Programu Iliyoachwa Macho

Kabla kompyuta haijalala, kila programu inayofanya kazi ndani yake husimamishwa pale ilipofika na kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Fundi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyaya, aliishika kanuni hiyo tangu aanze kazi, na aliwakaripia mafundi wenzake walioichezea.

"Kiini cha mfumo kikisema simameni, wote wasimame," aliwaambia. "Kompyuta inahifadhi kumbukumbu yake kwenye diski. Ikiamka, inaamini diski iko vilevile ilivyoiacha. Mwache mmoja aendelee kuandikaandika, uone utakachookota."

Aliivunja mara moja tu, kwa ajili ya shangazi yake.

Shangazi alipanda hadi chumbani kwake, juu ya duka la vioo, kompyuta kwapani. "We Nyaya, hii yako hailali. Naifunga, naitia mkobani, nikifika inanichoma ubavu. Umeniuzia kompyuta au pasi?"

"Niachie mpaka Ijumaa, shangazi."

"Ijumaa! Nasafiri leo jioni. Fundi gani wewe, kazi kupiga kalenda tu?"

Nyaya alicheka, akaifungua. Ugonjwa aliuona upesi. Programu ya kusafisha sauti haikuitika ilipoamriwa kusimama. Kiini kilisubiri, kikakata tamaa, kikaziamsha programu zote upya. Dawa ilikuwa kuiandika upya sehemu yake inayopokea amri hiyo, ili programu isimame mahali salama. Badala yake aliongeza mstari mmoja wa kukiambia kiini kiiruke, kiiache macho. Akafunga kifuniko, kompyuta ikalala kama mtoto aliyeshiba. Shangazi akamshukuru hadi mlangoni.

Alichokuwa akikisafisha shangazi kwa programu ile ni sauti ya mama yake, yaani bibi yake Nyaya, akisimulia maisha yake wiki chache kabla hajafariki. Nakala nyingine haikuwepo.

Mwezi haukuisha, shangazi akarudi macho mekundu. Kompyuta ilipokuwa ikihifadhi kumbukumbu yake ili ilale, programu ile iliendelea kuandika kwenye rekodi. Ilipoamka, kumbukumbu ikasema hili, diski ikasema lile, mafaili yakavurugika. Palipokuwa na bibi pakabaki mkwaruzo.

"Nimebonyeza nini, mwanangu? Hii mikono yangu!"

Nyaya aliuona mstari wake palepale, kwenye kioo cha kompyuta. Akakifunga kifuniko. "Hutokea, shangazi," alisema, kama vile ni mvua iliyonyesha. Kosa la kwanza alilifanya kwa haraka. Hili la pili alikuwa na muda wa kulifikiria.

Ukoo ulipokutana, shangazi alisimama akawaomba radhi ndugu zake kwa kuipoteza sauti ya mama yao. Baba mdogo akataka kumchangamsha. "Dada, wewe kuanzia leo hata redio usiguse!" Watu wakaangua kicheko. Nyaya naye akacheka.

Kicheko hicho kilimkaa kifuani kama mfupa. Kesho yake alikwenda kwa shangazi, akamweleza yote, mstari ule na ukimya wake.

Shangazi aliendelea kukunja nguo mpaka alipomaliza.

"Sauti ningekusamehe," alisema. "Kazi ni kazi, mtu hukosea. Lakini jana nilisimama mbele ya watu kwa kosa lako, wakanicheka, na wewe ukacheka."

Sauti ya bibi haikupatikana tena. Kompyuta yake, shangazi humpelekea fundi mwingine, na chumbani kwa Nyaya hajakanyaga tangu siku ile.