Feni ya Mwaisha

Mwaisha alikuwa fundi cherehani mtaani Kihonda, na mumewe Abeid alichora ramani na picha za nyumba kwa kompyuta. Waliishi vizuri kwenye vyumba vyao viwili vya kupanga mpaka Abeid aliponunua kadi mpya ya picha ya kuweka ndani ya kompyuta, pande la kitu lenye feni tatu, ili picha zake zitoke upesi.

Ilipoanza kuchora, kadi ile ilinguruma kama mashine ya kusaga. Sebule ikawa tanuri. Mwaisha, aliyekulia kwenye ubaridi wa milima ya Matombo, alishona huku jasho likidondokea vitambaa vya watu. Akitaka kuchomeka pasi, Abeid alimzuia.

"Subiri kwanza, inachora. Umeme wa humu hauwezi vyote viwili."

Hayo aliyavumilia. Kilichomuuma ni kumwona Abeid akiipangusa vumbi kwa brashi laini, taratibu, akiipuliza kama anayembembeleza mtoto. Yeye hata pole ya kazi hakuwa akiisikia tena.

Siku moja alirudi kutoka sokoni Kingalu, juani, akaingia chumbani ajilaze. Feni yake ya mezani haikuwepo. Aliikuta sebuleni, inaipepea kompyuta.

Alichukua pasi, akaichomeka. Swichi kubwa ikajikata, nyumba nzima ikanyamaza.

"Umefanya makusudi?" Abeid aliuliza.

"Ndiyo."

"Mwaisha, unaionea wivu mashine?"

"Naionea."

Abeid akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Aliirudisha feni chumbani, umeme ulipowashwa akakaa kwenye kompyuta, akabonyeza hapa na pale. Kadi ikaanza tena kuchora, safari hii kwa sauti ya chini, na joto likapungua.

"Umeifanyaje?"

"Nimeipunguzia umeme inaokula. Itachelewa kidogo tu."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

Abeid akainamia kibodi. Hilo lilimchoma Mwaisha kuliko joto lote lile: kwamba dawa ilikuwepo, na mumewe aliona heri mkewe aungue kuliko kadi ichelewe.

Mchana ule alijilaza, feni ikimpepea. Abeid alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Baada ya muda Mwaisha akamwona amegeuza shingo, anatega sikio kuelekea sebuleni.

"Nenda basi," akamwambia.

Akaenda.