Chumba cha Mama na Matundu Yake

Mama yangu alikuwa hapandi ngazi, alikuwa anapigana nazo. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ina ngazi za mawe zilizosimama karibu wima, na vidato vyake vimeliwa katikati na miguu ya watu waliotutangulia. Kila asubuhi nilisimama chini nikimsikiliza akishuka: kidato, pumzi, kidato, kikohozi. Pumu anayo tangu usichana wake, na magoti nayo yakamgeuka uzeeni. Siku moja aliteleza akakaa kitako hapo hapo kwenye ngazi. Yeye alicheka, mimi nikalia. Tangu siku hiyo nikawa na hofu moja tu, kwamba nitarudi kutoka sokoni nimkute chini.

Ndiyo maana nikaamua kumjengea chumba uani. Mimi ni mtu wa haraka, na chumba chenyewe nilikuwa nimeshakimaliza kichwani: madirisha ya alumini na vioo, yafungwe kabisa vumbi lisiingie, na kiyoyozi ukutani. Kilichobaki kilikuwa kibali tu.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akaniharibia chumba changu. Akasema chumba cha kulala kinatakiwa kiwe na matundu ya hewa yanayobaki wazi hata madirisha yakifungwa. Yawe juu, karibu na dari, tena kwenye kuta mbili zinazotazamana, hewa iingie huku itokee kule.

"Na mtu akitaka kuyafunga?" nikamuuliza.

"Hayafungwi, mama. Ndiyo maana yake."

"Mie nnajenga chumba, sijengi chujio."

Akacheka, lakini hakupunguza hata tundu moja. Ukuta mmoja ulitazama uani kwetu, tena akaniambia nilihamishe jiko la mkaa lililokuwa chini yake. Ukuta wa pili ulikuwa ule wa nyuma, ambao upande wake wa pili ni ua wa jirani. Huo, akasema, sitoboi mpaka mwenye nyumba aridhie. Nilimsindikiza mlangoni nimenuna.

Sasa huyo jirani alikuwa shoga wa mama. Madirisha yao ya nyuma ghorofani yanatazamana juu ya nyua zetu mbili, na tangu wakiwa maharusi walizungumza dirisha kwa dirisha, mmoja anapepeta mchele, mwengine anashona. Nimekua nikisikia sauti hizo mbili juu ya kichwa changu. Miezi ile naomba kibali, jirani alifiwa na mumewe akakaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Dirisha lake la juu linaonekana kutoka kwenye mapaa ya watu, basi siku ya msiba alilifunga, na mbao zake zikabaki zimefungwa.

Mama alikwenda kwake mara moja tu, siku ya maziko. Mlango wa jirani uko mtaa wa pili, inabidi uzunguke, na aliporudi alilala siku mbili akihema. Baada ya hapo kazi yake ikawa kukaa juu na kulitazama dirisha lililofungwa. Nilipomwambia kuwa chumba cha chini ni chake, alinitazama kwa huruma.

"Jenga, mwanangu. Utawekea mchele."

"Mama, hizi ngazi zitakuua."

"Na shoga yangu akifungua dirisha, atanikuta wapi?"

Basi nikawa najenga chumba cha mtu aliyesema hakihamii, na kwa ajili ya chumba hicho inanibidi nimwombe tundu mtu aliye msibani. Sijapata kuona haya kama siku ile. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani kwake, chini ya paa la makuti kando ya ukuta wetu, amejifunga kanga zilizopauka, mikono yake haina hata bangili. Ua ule ndio ulikuwa dunia yake yote, kwa sababu hakuna jicho la mtu linalofika pale.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama kifua chake kinaendeleaje?"

Nikamweleza yote, ngazi, mkaguzi, na matundu yasiyofungwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hewa siwezi kumnyima mtu," akasema. "Lakini mwanamme asinione hapa."

Tukakubaliana. Matundu yatakuwa juu kuliko kichwa cha fundi, na yatawekwa vibao vilivyoinama, hewa ipite lakini ukichungulia usione kitu. Na fundi asipige nyundo mpaka apige hodi kwanza, bi mkubwa apate kuingia ndani. Nilipoinuka kuaga, akaniuliza kitanda cha mama kitawekwa wapi.

"Chini ya ukuta wako," nikamwambia.

"Basi toboeni."

Fundi wangu alikuwa mtu wa Mtoni, mnene, mwenye sauti ya mnadani. "Hodi bi mkubwaaa!" alikuwa akiita, na kutoka ndani kabisa ya nyumba ya pili sauti ikajibu, "Piga!" Akapiga. Mtaa mzima ulijua kwamba tunatoboa ukuta kwa ruhusa. Vibao vilipokwisha kuwekwa, na wavu wa mbu nyuma yake, mkaguzi alirudi. Akafunga madirisha yote, akawasha kipande cha karatasi, akakizima na kuutazama moshi. Ulipanda, ukajikunja, ukaelekea ukuta wa nyuma, ukatoka. Akanipongeza kama vile wazo lilikuwa langu.

Mchana huo mama alishuka kuja kutazama ghala lake la mchele, kama alivyokuwa akikiita chumba hicho. Alisimama katikati ya chumba na mkongojo wake akitafuta kasoro, na kasoro ya kwanza aliyoiona ni hayo matundu. Alikuwa anaanza kusema kwamba baridi itamwingia kifuani, akanyamaza. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na sauti ya ungo: mchele unarushwa, unatua, unarushwa.

"Shoga!" akaita.

Ungo ukasimama.

"Naam!"

"Upo hapo?"

"Nipo. Wewe upo wapi?"

"Nipo hapa chini, ukutani kwako."

Mimi nilikuwa nyuma ya mama nafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mama akageuka.

"Unangoja nini? Kaniletee kitanda changu."

Lakini mama si mtu wa kushindwa kirahisi. Kitanda kilipofika aliweka sharti lake: "Mpaka eda yake iishe tu. Siku atakayofungua dirisha, mie narudi juu kwangu." Nikasema sawa. Nilikuwa nimepata miezi bila ngazi, sikuwa na la zaidi.

Jioni ya kwanza aliomba chetezo chake. Hapo ndipo ugomvi wetu wa siku zote ulipo. Mama amefukiza udi kila magharibi tangu alipoolewa, na kila magharibi amekohoa. Daktari alimkataza, mimi nikamkataza, nimebembeleza, nimeficha udi, nimenuna na nimekasirika. Jibu lake lilikuwa moja, kwamba nyumba bila udi ni banda. Nikamletea chetezo. Akaweka kijiti cha udi kwenye kaa, moshi ukapanda, ukajikunja, ukaelekea ukuta wa nyuma.

Mama aliutazama ukienda.

"Zima," akasema.

"Nizime nini?"

"Zima udi! Unakwenda kwake. Mtu yuko edani, harufu itamwingia nguoni, atanukia na mwenyewe hakutaka."

Nikamimina maji, kaa likalia. Hakuniomba tena, si kesho yake wala wiki iliyofuata. Chetezo kikakaa juu ya kabati, na baada ya muda nikagundua kuna kitu nimekikosa usiku: ule mluzi wa kifua chake ulikuwa umekwisha. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Na niseme kweli, niliumia kidogo pia. Mimi mwanawe nimelia miaka yote hakunisikia, shoga yake hakusema hata neno moja akasikilizwa.

Wakazungumza miezi ile yote. Nikipita na ndoo ya nguo nasikia wanacheka, nikirudi wako kimya, mmoja analia na mwengine anamngoja. Mambo ya mume aliyekufa, mambo ya wana wao, na kwa hakika mambo yangu, maana nikiingia ghafla walikuwa wanahamia kwenye bei ya samaki.

Eda ikaisha. Asubuhi ile nilitazama juu nikaliona dirisha la jirani liko wazi, mbao zote mbili zimesukumwa hadi ukutani. Baadaye akaja mwenyewe kwa mlango wa mbele, ameoga, amejitia hina na nguo mpya, na asmini yake ikaingia kabla yake. Mama naye alikuwa amevaa. Walikumbatiana wakalia, wakakaa kitandani. Nikaleta kahawa na haluwa.

"Umekonda," akasema mmoja.

"Wewe umenenepa."

Na maneno yakawaishia. Walitazamana, wakatazama haluwa, wakanitazama mimi. Yote waliyokuwa nayo walikuwa wameshauambia ukuta, na sasa walikuwa wanaoneana haya kama mawifi siku ya kwanza. Kahawa haijapoa, jirani akaaga.

Mama akabaki anaikunja kanga yake juu ya mapaja.

"Keshafungua dirisha?"

"Kafungua, mama." Sikuwa na njia ya kumdanganya. Nikasimama pale nikingoja aniambie nikawaite watu wa kupandisha kitanda.

"Shoga!" ukasema ukuta.

"Naam!"

"Mbona ulikuwa kimya vile?"

"Si wewe umenijia umejipamba kama mgeni!"

Wakacheka mpaka mama akashika ubavu. Alipotulia, akainua pua. Upepo ulikuwa umeshageuka, kaskazi imeingia, na hewa sasa ilikuwa inatoka kwa jirani kuja kwetu. Katikati ya vibao ikapita harufu ya udi, nyembamba, mara ya kwanza baada ya miezi yote ile. Mama akaivuta polepole. Mimi nikashika kifua changu badala ya chake. Hakukohoa.

"Umefukiza?" akauliza.

"Nimefukiza. Nizime?"

"Usizime. Huo wako unanitosha."

Kisha akanielekeza kabatini kwa mkongojo. "Kile chetezo changu, mpelekee yeye. Mie huku chini sina kazi nacho tena."

Nikakipangusa vumbi, nikatoka mlango wa mbele, nikauzunguka mtaa mzima kumpelekea.