Kigae Nilichokifunga kwa Mikono Yangu

Julai ile darubini yetu ilipowashwa angani, nilikuwa karibu peke yangu katika jengo zima la idara. Stockholm huhama mwezi huo. Watu hufunga ofisi na kwenda kwenye vijumba vyao kando ya maziwa, na ukiwaandikia, barua pepe zao hujijibu zenyewe kwamba watarudi Agosti. Mkuu wa kikundi chetu aliponiuliza kama ningeweza kushika zamu za wiki zile za mwanzo, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Sikuwa na kijumba, sikuwa na mume wala mtoto, na likizo yangu yote ya mwaka nilikuwa nimeimaliza nilipokwenda Kenya kumzika baba.

Darubini hiyo haina kioo wala mahali pa kuweka jicho. Inanasa miale ya gama, mwanga wenye nguvu kuliko mwingine wote, unaotoka kwenye nyota zilizolipuka na pembezoni mwa mashimo meusi. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo isitufikie, ndiyo maana chombo lazima kikae angani. Shida ni kwamba huko juu kuna chembe nyingine zenye chaji, nyingi mno kuliko miale yenyewe, nazo hukichanganya chombo. Kwa hiyo sehemu yake ya ndani imefunikwa kwa ngao ya vigae vya plastiki maalumu. Chembe yenye chaji ikipenya kigae, kigae hutoa mmweko mdogo sana wa mwanga, na chombo kinajua hiyo si ya kuhesabiwa. Mwale wa gama hupita bila kukigusa.

Mimi nilikuwa mtu wa vigae. Kwa miaka kadhaa nilivifunga kwa karatasi nyeupe, kisha kwa tabaka mbili nyeusi za kuzuia mwanga wa nje, nikiwa nimevaa glavu na kubana pumzi kila nilipofika kwenye kona.

Umeme wa ngao ulipandishwa kidogo kidogo kutoka kituo cha uongozaji, nchi nyingine kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia data zinazoteremka na kusema kila kigae kinaendeleaje. Kimoja baada ya kingine vilianza kuhesabu chembe, kama tulivyotarajia. Kilipoamka cha mwisho nilipiga makofi. Sauti ilirudi kutoka ukutani, nikaona aibu, nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Siku ya nne kigae kimoja kilianza kuhesabu kupita kiasi. Nilidhani ni kelele za umeme. Nilipopanga data kufuatana na mzunguko wa chombo, nikaona hesabu inapanda kila mara jua linapopiga upande ule, na kushuka chombo kinapoingia kwenye kivuli cha dunia. Basi mwanga ulikuwa unaingia. Palikuwa na tundu mahali fulani kwenye ile karatasi nyeusi.

Nilifungua daftari la kazi. Kigae hicho nilikifunga mimi, wiki ile dada yangu alipokuwa akinipigia simu kutoka hospitali kunieleza hali ya baba. Nakumbuka nilikuwa nikivua glavu ili kupokea simu, kisha nikivaa nyingine.

Sikumwambia mtu. Kwa siku mbili niliandika kwenye ripoti ya zamu: "Kigae kinachunguzwa." Jioni nilipanda treni kurudi nyumbani Upplands Väsby, nikala mkate nikiwa nimesimama jikoni. Dada alipopiga nilimwambia niko sawa, kazi inakwenda vizuri.

Asubuhi ya tatu mlango wa ofisi ulisukumwa na toroli la usafi. Nyuma yake alikuwa mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani. Tulikuwa tumesalimiana mara nyingi kwa Kisweden, *hej* na *hej* tu.

"Jana nilikusikia kwenye simu," akasema kwa Kiswahili. "Kumbe weye ni wa kwetu! Wa wapi?"

"Kenya, mama. Nawe?"

"Burundi. Lakini sasa ni wa hapa hapa, Hjulsta." Akacheka, kisha akaniangalia vizuri. "Mbona unalia?"

Sikuwa nimejua kwamba nalia. Nikamweleza yote, na kwa mara ya kwanza nikatafuta maneno ya Kiswahili ya kazi yangu: ngao, kigae, tundu. Alisikiliza akiwa ameegemea mpini wa mopu.

"Hicho kitu kiko juu huko, hakuna mtu wa kukifikia?"

"Hakuna."

"Na wakubwa wako hawajui?"

"Bado."

"Wanaweza kufanya kitu wakijua?"

Nikafikiri. "Wanaweza. Kigae kinaweza kuamriwa kisijali mimweko midogo."

"Basi waambie, mwanangu. Kulia utalia baadaye." Akachukua pipa langu la taka, akalimwaga, akaenda chumba cha pili.

Nilimwandikia mkuu wangu, na nikaweka pia habari ya simu na glavu. Alinipigia baada ya saa moja. Nyuma yake nilisikia maji na watoto. "Asante," alisema. "Grafu zako ziko wazi. Kesho tupandishe kiwango cha mmweko unaohesabiwa na kigae hicho." Kuhusu glavu hakusema kitu.

Amri ilitumwa, hesabu ikashuka, na ngao ikafanya kazi yake. Agosti watu waliporudi, tulikaa kikao. Walionyesha kwamba kigae kile kilifaulu mara mbili jaribio la kuona kama mwanga unapenya, baada ya mimi kukifunga. Huenda punje ya vumbi la angani ilikitoboa, huenda ni mtikisiko wa roketi. Hakuna aliyesema ni mimi, na hakuna aliyeweza kusema si mimi. Nimejifunza kuishi hivyo.

Ramani ya kwanza ya anga ilipotoka, mkanda wa galaksi yetu uking'aa katikati, tulikata keki. Wenzangu walisimulia uvuvi na matunda ya porini. Nilichukua kipande kwenye sahani ya karatasi nikaenda kumtafuta yule mama. Nilimkuta kijana mwingine na toroli, akaniambia mama amehamishiwa jengo lingine, hajui lipi. Nikamtajia kitambaa na Burundi. Alitikisa kichwa.

Jumapili moja nilipanda metro ya bluu hadi Hjulsta, mwisho wa reli. Nilikuwa sijui jina lake; hatukuwahi kuulizana. Nilizunguka katikati ya majengo marefu, nikiwatazama akina mama waliotoka kanisani wakizungumza Kiswahili na Kirundi, watoto wao wakiwajibu kwa Kisweden. Hakuwa miongoni mwao. Mmoja aliniuliza kama namtafuta mtu.

"Ndiyo," nikamwambia, "lakini sijui namna ya kumuulizia."

Akanielekeza kwenye duka la vyakula vya kwetu, nikanunua unga wa muhogo na samaki wakavu, nikarudi nyumbani kupika.